Beji ya Supavaiza Haikufanyi Kiongozi

Wasee wangu, kutoka Bongwe, Ukunda, Diani mpaka kule Msambweni, leo naongea kitu ambacho kitawakera baadhi ya watu, na sawa tu. Hapa kwetu pwani ya kusini mabosi tunao wengi. Watu wanaojua kuongoza wenzao, hao ndo adimu.

Na hili jambo linatuhusu sisi vijana kuliko mtu mwingine yeyote. Toka nje asubuhi na mapema utawaona: mabinti na vijana, yunifomu zimepigwa pasi, wanangoja bodaboda ama tuktuk ya kuteremka baharini. Weita, mpishi, mtu wa hausikipingi, mlinzi, mtunza bustani, muosha vyombo. Wengi wetu kazi ya kwanza maishani ni hoteli, villa, mkahawa ama duka linalotegemea mgeni. Na bosi wako wa kwanza ndo anakufundisha kazi ni kitu gani. Akiwa mbovu, unatoka pale ukiamini kazi ni kutukanwa mpaka mwisho wa mwezi ufike. Halafu siku ukipewa beji wewe, unafanya vilevile, manake hujawahi kuona kitu kingine.

Huo mnyororo ndo nataka tuukate.

Mimi sina digrii ya usimamizi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliposhinda nyumbani. Kabla ya hizi video nilifanya misimu miwili kama weita kwenye hoteli moja ya huku, jina naliweka pembeni. Saa hii naendesha kitimu cha watu 4, tunapiga video za harusi, za villa na za biashara ndogo ndogo. Kwa hivyo nimeshakaa chini ya mabosi, na sasa kuna watu wanaonitazama mimi. Mengine hapa nimeyaona kwa macho, mengine nimeyasoma kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini mambo huenda vile.

Tunavyowatengeneza mabosi wabaya

Njia ya kupanda cheo hotelini iko hivi. Unaanza kibarua wa msimu. Ukiwa mwepesi, msimu mwingine unaitwa tena. Ukivumilia, unakuwa weita kamili. Sasa ukiwa weita hodari kushinda wote, yaani oda ya meza ya watu 8 unaikumbuka bila kuandika, Kijerumani cha kusalimia unacho, Kitaliano cha utani unacho, wageni wanakuulizia kwa jina, basi siku moja meneja anakuita ofisini. Unapewa shati la rangi nyingine na beji. Kuanzia kesho wewe ni supavaiza.

Mafunzo? Hakuna. Jana ulikuwa unabeba trei, leo umebebeshwa watu 12. Na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Angalia mpira. Mshambuliaji wa timu ya mtaa akifunga mabao 20 kwa msimu, tunampa sifa, tunampa jezi namba 9, lakini hatumpi timu aifundishe wiki inayofuata. Tunajua kufunga na kufundisha ni vitu viwili. Uwanjani tunaelewa hilo vizuri, ila tukifika kazini tunalisahau.

Na sio Diani peke yake. Mwaka 1969 Laurence J. Peter na Raymond Hull walitoa kitabu kinaitwa The Peter Principle. Wazo lao ni hili: mtu hupandishwa cheo kwa sababu anafanya vizuri pale alipo, anapandishwa tena na tena, mpaka afike kwenye cheo asichokiweza. Hapo ndo anakwama, na hapo ndo anabaki. Waliandika kwa kejeli, lakini mwaka 2019 watafiti 3, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mauzo katika kampuni za Marekani. Wakakuta kwamba kampuni zilipenda kuwapa umeneja wale wauzaji wakali zaidi, na kwa wastani wauzaji hao ndo walikuwa mameneja dhaifu zaidi. Timu zao ziliuza kidogo.

Hata Google, kampuni ya wahandisi watupu, walijichunguza kwa mradi wao waliouita Project Oxygen. Ungedhani bosi mzuri wa wahandisi ni yule anayejua kompyuta kuwashinda wote. Orodha yao ya kwanza ilikuwa na tabia 8 za meneja mzuri. Juu kabisa waliweka kuwa kocha mzuri wa watu wako. Ujuzi wa kiufundi ukaja wa mwisho. Unahitajika, ndio, lakini peke yake hauendeshi timu.

Sasa mrudie yule weita wetu aliyepewa beji. Ndani yake anaogopa. Wale anaotakiwa kuwaamrisha ndo wale jana alikuwa anakula nao wali na maharagwe kantini. Wengine ni wakubwa kwake kwa umri, wengine ni majirani, mmoja ni binamu yake. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kumwambia mtu mzima "hapa umekosea". Kwa hivyo anachukua kifaa kilicho karibu naye, ambacho ni sauti. Anapayuka. Anaona watu wanakimbia, anadhani sasa anaheshimika.

Mimi simchukii mtu huyo. Alitupwa majini bila kufundishwa kuogelea. Lakini wanaomeza maji ni wengi, sio yeye tu.

Ukali unafunga midomo

Nitawapa kisa kimoja cha pale nilipofanya kazi, mpime wenyewe.

Jikoni kulikuwa na harufu ya gesi. Kijana mmoja wa kuosha vyombo aliisikia siku ya kwanza, akamwambia mpishi aliyekuwa anasimamia zamu. Jibu alilopewa, mbele ya kila mtu: "Wewe umeajiriwa kuosha sufuria ama kunusa?" Watu wakacheka. Kijana akarudi kwenye sinki lake.

Siku ya pili harufu ilikuwepo. Kila aliyeingia jikoni aliisikia, na hakuna aliyefungua mdomo. Nani anataka kuwa kichekesho cha leo?

Siku ya tatu alfajiri, mpishi wa kiamsha kinywa akawasha jiko, moto ukaruka. Ulizimwa haraka, alhamdulillahi, lakini aliungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa upande wa mgahawa napanga vikombe, nikasikia ukelele tu.

Baadaye tuliitwa mkutano. Meneja akauliza swali ambalo nadhani mabosi wote huuliza wakati kama huo: "Kwani hamkusikia harufu? Kwa nini hakuna aliyesema?" Kimya. Yule kijana wa vyombo alikuwa amesimama palepale mbele yangu, anaangalia sakafu. Na yule aliyemjibu siku ya kwanza alikuwa amesimama palepale pia. Kijana aliacha kazi kabla msimu haujaisha.

Nilipokuja kusoma kuhusu Amy Edmondson, profesa wa Harvard, nilikumbuka ule mkutano. Miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi na madaktari hospitalini Marekani. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akapata kinyume: timu zilizoelewana vizuri ndo zilikuwa zimeripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona sababu. Zile timu hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa huru kusema. Kwenye timu za mabosi wakali makosa yalikuwepo, yamefichwa tu.

Kwa hivyo bosi anapojisifu kwamba "mimi kwangu hakuna malalamiko, kila kitu sawa", mimi huingiwa na wasiwasi. Hoteli ina jiko, ina umeme, ina bwawa la kuogelea, ina watoto wa wageni. Hakuna siku kila kitu kinakuwa sawa. Kama huletewi habari mbaya, jua kuna mtu anaangalia sakafu.

Wakali huwa wana jibu lao: "Vijana wa siku hizi ukiwachekea hawafanyi kazi." Sawa, wavivu wapo, na mimi nimefanya kazi nao. Lakini tutenganishe vitu viwili. Kuwa na msimamo ni kusema saa 12 asubuhi ni saa 12, na anayechelewa bila sababu anajua kitakachofuata. Kutukana ni kumwambia mtu mbele ya wageni kwamba kwao hawakumlea. Msimamo watu huuzoea mpaka wanaupenda. Matusi huwafundisha kukuogopa ukiwepo na kukuchezea ukigeuka.

Mama wa hausikipingi

Katika hoteli hiyo hiyo, ghorofa ya juu, kulikuwa na dunia nyingine. Supavaiza wa hausikipingi alikuwa mama mmoja wa makamo, Mdigo wa Msambweni, sote tulikuwa tunamwita Mama. Kusoma hakufika mbali. Lakini idara yake ilikuwa haipotezi watu. Weita walikuwa wanaondoka kila mwezi, wake walikuwa walewale.

Nilikuwa nawapelekea chai nikaanza kumchunguza. Alikuwa anafanya vitu vidogo, kila siku, bila kuruka.

Kwanza, dakika 5 kabla ya zamu, wote wamesimama kwenye korido. Anasema vyumba vipi vinatoka, vipi vinaingia, wapi kuna mtoto mchanga, wapi kuna mgeni mgonjwa asiyetaka kelele. Halafu anauliza: "Nani ana neno?" Na ananyamaza kweli. Anangoja. Wengi huuliza hilo swali huku wanaondoka.

Pili, rosta ilikuwa ukutani Alhamisi, ya wiki nzima inayokuja. Huku kwetu wengi hujulishwa zamu kwa simu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wewe ni mama, una mtoto wa kupeleka shule Bongwe, unapangaje maisha? Ile karatasi ilikuwa inaonyesha heshima kuliko hotuba yoyote.

Tatu, alikuwa anajua watu wake wanaishi wapi. Anayekaa mbali hakumuweka zamu ya kutoka usiku, manake alijua saa 5 usiku matatu zimekuwa chache na bodaboda inakula mshahara wa siku. Hiyo haikuwa huruma tu. Mtu aliyefika nyumbani saa 8 usiku hawezi kutandika vyumba 14 kesho yake vizuri.

Nne, na hii ndo ilinishika. Binti mmoja alivunja taa ya mezani ya mgeni. Alikuja analia. Mama akamwambia: "Nyamaza mwanangu, kwanza umejikata?" Halafu akamuita pembeni, chumba cha mashuka, mlango umefungwa. Yaliyosemwa mle ndani sijui. Lakini yule binti alitoka amefuta machozi, akaenda mwenyewe kwa mgeni kuomba radhi. Kukosoa alikosolewa, lakini hakuna aliyemuona akikosolewa. Sifa, Mama alikuwa anazitoa kwenye korido. Makosa anayamaliza chumba cha mashuka.

Wale waliompa beji pengine walimchagua kwa bahati tu. Nilimuuliza siku moja amejifunzia wapi. Akacheka, akasema: "Mwanangu, mimi ni mweka hazina wa chama miaka na miaka. Wanawake 20 na pesa zao. Ukikosa adabu hapo, utalala kweli?"

Shule ya uongozi tunayo hapa hapa

Hilo jibu lilinifanya nifikirie. Tunadhani uongozi ni kitu cha Nairobi, cha semina na koti. Na huku tumezungukwa na watu wanaofanya hiyo kazi bila kupewa jina.

Muangalie nahodha. Chombo kinaondoka gizani, yeye ndo anajua upepo, kama ni kusi ama kaskazi, anajua miamba iko wapi. Baharini hakuna kura, akisema geuza tanga, unageuza. Lakini mgao unajulikana kabla chombo hakijatoka ufukoni: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Mawimbi yakipiga, naye analowa. Na kijana aliye mbele ya chombo akiona mwamba, kazi yake ni kupiga kelele. Nahodha gani atamwambia "umekuja kuvua ama kuangalia"? Chombo kingezama naye.

Watu hupenda ule msemo, manahodha wengi chombo huenda mrama, hasa wakiwa hawataki kuulizwa maswali. Msemo ni kweli. Lakini unazungumzia wanaoshika usukani. Haukatazi wenye macho kuona.

Na ufukoni napo kuna mpangilio. Toka mwaka 2007 Kenya ina kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, zile BMU mnazozisikia Mwaepe, Gazi, Mkunguni. Kamati yake huchaguliwa, na haiwi ya wenye vyombo peke yao. Wavuvi wasio na chombo wanakuwemo, wachuuzi wa samaki wanakuwemo, wanawake wanakuwemo. Zote zinafanya kazi vizuri? Hapana, nyingine zina vita vyake. Ila wazo ni zuri: anayeumia na uamuzi awe na kiti pale unapofanywa.

Mfano mkubwa zaidi ni Gazi, sio mbali na hapa. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza kaboni mwaka 2013. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, wanapata pesa kwa sababu ile mikoko inafyonza hewa chafu na kuihifadhi. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani. Wanasayansi wapo, taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ina kituo pale pale Gazi, na kuna marafiki wa Uskoti wanaosaidia upande wa kuuza. Lakini kamati inatoka kijijini, na pesa ikiingia watu huitwa baraza wajadili iende wapi. Imekwenda kwenye maji, kwenye vitabu, kwenye shule. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2019 watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wa kwao kwa mtindo huo huo.

Mimi hapo silengi mikoko. Nalenga hivi: wavuvi na akina mama wa kijijini wanaweza kusimamia pesa inayotoka ng'ambo kwa sababu hesabu inasomwa mbele ya watu. Ukiongoza watu wanaoweza kukuuliza pesa iko wapi, unaongoza kwa adabu. Sasa linganisha na sehemu za kazi ambapo sanduku la tipu linafunguliwa na mtu mmoja, chumba kimefungwa, halafu kila mtu anapewa noti na kuambiwa shukuru.

Pesa na sheria, tuseme ukweli

Bosi anaweza kutabasamu kila asubuhi, lakini kama mgao haueleweki, hakuna timu. Ugomvi mwingi niliouona kazini haukuwa wa tabia, ulikuwa wa tipu, siku za mapumziko na nani ataitwa msimu ukirudi. Kila mwaka mvua za masika zinaingia, Aprili mpaka Juni wageni wanapungua, watu wanapumzishwa. Hilo kila mtu analijua. Kinachouma ni kuambiwa na mlinzi getini kwamba jina lako halipo. Kiongozi anakuita wiki kadhaa kabla, anakueleza hali, anakwambia kama kuna matumaini ama hakuna. Habari ni ile ile mbaya, lakini umepata muda wa kujipanga na kodi ya nyumba.

Na kuna mambo ambayo hayategemei wema wa bosi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Ukitimiza miezi 12 una haki ya likizo ya siku 21 za kazi, yenye malipo. Na kifungu cha 41 kinasema kabla hujafukuzwa kwa utovu wa nidhamu ama kazi mbovu, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, mwenzako wa kazi ama mtu wa chama cha wafanyakazi awepo, na usikilizwe. Wa hoteli chama chenu ni KUDHEIHA.

Supavaiza kijana, soma hiyo sheria. Ile "toka, usirudi kesho" unayoisema kwa hasira inaweza kumpeleka mwajiri wako mahakamani, na jina litakalosomwa kwenye ushahidi ni lako. Nawe kibarua, isome pia, ujue unaposimama.

Ukipewa beji kesho

Haya, umeitwa ofisini, umepewa shati. Fanya nini?

Kabla hujashukuru, uliza maswali 2: nitafundishwa na nani, na mimi naruhusiwa kuamua nini bila kuja kukuuliza? Supavaiza asiyejua mipaka yake hupiga kelele kuficha kwamba hajui.

Siku ya kwanza usitoe hotuba. Zunguka, muulize kila mtu swali moja: ni kitu gani kinafanya kazi yako iwe ngumu bila sababu? Utashangaa. Mara nyingi ni vitu vya bei ya chini: ufunguo mmoja wa stoo, trei zilizovunjika, chakula cha wafanyakazi kinachokuja wakati wa wageni wengi. Tatua kimoja wiki hiyo hiyo. Watu wataamini masikio yako yanafanya kazi.

Wakubwa kwako kwa umri, waheshimu wazi wazi. Amri na shikamoo zinakaa pamoja. "Shikamoo mzee, leo naomba uanze na bwawa kabla ya saa 2" imeshamuamrisha mtu, na hadhi yake haijaguswa.

Rafiki zako wa jana kaa nao chini mapema. Waambie: kantini tuko pamoja, kwenye zamu sitambagua mtu wala kumbeba mtu. Ukianza kumbeba binamu yako, wengine 11 washakuona.

Mtu akikuletea habari mbaya, neno la kwanza liwe "asante kwa kuniambia". Hata kama roho inachemka. Hasa kama roho inachemka. Kuna siku atakuletea harufu ya gesi.

Kwenye kitimu changu tumeweka kanuni 3. Mgao wa pesa unaandikwa kwenye grupu ya WhatsApp kabla ya kwenda kazini, tarakimu kamili, kila mtu anaona. Baada ya kila harusi tunakaa dakika 10, kila mmoja anasema kitu kimoja kilichoenda vizuri na kimoja cha kubadilisha, na anaanza aliye mdogo zaidi, manake bosi akianza wengine watarudia maneno yake. Na hakuna kumgombeza mtu mbele ya mteja, hata bibi harusi akiwa amekasirika namna gani. Hizi kanuni hazijagharimu chochote. Zile dakika 10 zimetuokolea wateja, kwa sababu mdogo wetu wa sauti ndo aliyetuambia maikrofoni moja ilikuwa inakufa, na tukaibadilisha kabla ya harusi iliyofuata.

Na nyinyi wenye hoteli na villa, mkitusoma: mnalipia mafunzo ya kupanga meza, ya kuchanganya vinywaji, ya kuzima moto. Yule mnayemkabidhi watu 12, mpeni angalau wiki moja akae na mtu anayejua kazi hiyo, kama yule Mama wa ghorofa ya juu. Na yule weita hodari asiyetaka kuongoza, mwongezeni mshahara akiwa weita. Kwa nini njia pekee ya kupata pesa zaidi iwe kuacha kazi anayoipenda na kuharibu ya wengine?

Mwisho niongee na nyinyi mlio chini kabisa, vibarua, watu wa zamu ya alfajiri. Uongozi hausubiri beji. Ukimuonyesha mgeni wa kazi stoo iko wapi badala ya kumcheka, umeshaanza. Ukisema "mzee, hapa kunanuka gesi" na mwenzako pembeni akasema "ni kweli, hata mimi nimesikia", yule kijana hayuko peke yake tena. Siku ile jikoni kulihitajika sauti moja tu ya pili.